Tanuru la Mprotestanti

Dosité Daigle hakuwa mtu mbaya. Naanza na hilo kwa sababu mkewe, Exilda, akiisimulia habari hii huanzia kwingine. Alikuwa mtu mfupi, mabega mapana ya kubebea mapipa ya viazi, na masikio ambayo baridi ya kambi za magogo iliyatafuna kidogo kwenye ncha tangu ujana wake. Katika maisha yake yote kulikuwa na mambo mawili yaliyomshinda: kuimba sauti moja na wenzake kanisani, na kukubali kwamba amekosea. La kwanza padri alikwisha kumsamehe.

Alizaliwa hapa hapa bondeni, upande huu wa mto, ulio wa Marekani, ambako mtu mwenye mkono mzuri akirusha jiwe linaangukia Kanada. Kwao walikuwa watoto wengi hivi kwamba mama yao alipowaita kula alitaja majina yote, hata ya waliokwisha kuoa na kuhama, asije akamruka mmoja. Shule alisoma mpaka walipoanza kumfundisha kugawanya, akaona hesabu hiyo anaifanya nyumbani kila jioni mezani. Akaingia shambani. Majira ya joto viazi, majira ya baridi magogo, na huko kambini ndiko alikojua moto. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuamka kabla ya wakataji wote na kuwasha jiko kubwa, na jiko likizimika walimtupia viatu, tena viatu vyenye misumari. Ukijifunza jambo namna hiyo hutalisahau.

Akamwoa Exilda Ouellette, mwanamke mrefu kumpita, mwenye sauti ya kuita ng'ombe wa ng'ambo. Ndoa ile ilikuja na nyongeza ambayo hakuiomba, nayo ni Ludger, kaka yake Exilda. Ludger alikuwa mtu wa kuchana nywele. Zamani zile nyumba nyingi hapa zilipashwa joto kwa jiko la jikoni tu, na asubuhi maji ya kunawia yalikuwa na ganda la barafu juu, unalipasua kwa kiwiko. Kisha Ludger akapata kazi ya kuendesha lori la mafuta ya kupashia nyumba, na nyumba ya kwanza aliyoishambulia ilikuwa ya dada yake. Wakafunga tanuru la mafuta katika chumba cha chini, mabomba ya bati yakapanda hadi matundu ya sakafuni, na ukutani pale sebuleni wakaweka kidude cha mviringo. Unakizungusha kidogo, chini kule kitu kinanguruma, na joto linapanda.

Exilda alikipenda kidude kile kuliko alivyopenda baadhi ya ndugu zake. Hakuna magome sakafuni, hakuna majivu, hakuna mwanamume anayeingia na theluji miguuni akidai yuko kazini. Alikifuta vumbi kila Jumamosi pamoja na sanamu ya Mtakatifu Ana, bibi yake Yesu, na sijui ni kipi alianza nacho.

Basi miaka ikaenda. Binti yao Claudette akaolewa, akahamia Connecticut kama wanavyohamia wote, shamba akaachiwa mpwa, na Dosité akabaki na nyumba, pikapu, na kipande cha msitu wa miti migumu nyuma ya nyumba. Ndipo ukaja ule mwaka wa sabini na tisa, bei ya mafuta ikapanda mpaka watu wakawa wanavaa kofia mezani.

"Shemeji," Dosité alimwambia Ludger, aliyekuwa amesimama uani na mpira wa kutilia mafuta mkononi, "haya ni mafuta ya taa au divai ya misa?"

"Bei siyo yangu. Mimi natia tu."

"Anayetia ndiye ninayemwona."

"Basi fumba macho, shemeji. Wengi wanafanya hivyo."

Dosité hakufumba. Alipanda pikapu akaenda kusini mwa wilaya, kwa Waingereza, ndivyo tunavyowaita wasiosema Kifaransa chetu, akarudi jioni na tanuru la kuni. Alilitengeneza fundi mmoja wa kuchomelea aitwaye Harlan Tibbetts, Mprotestanti, kwa chuma cha tangi, kitu cheusi, kizito, chenye mlango mpana wa kumeza gogo zima. Exilda alitoka barazani akalitazama likiwa limelala nyuma ya pikapu.

"Hilo ni jeneza la nani?"

"Ni tanuru, mama. Kuni tunazo bure, msitu mzima unaota pale bure. Lile la kaka yako linatoka."

"Likitoka lile, na mimi natoka nalo. Utatupeleka wewe mwenyewe, lile limekaa mbele kwenye pikapu, katikati yetu."

Hilo ndilo lililofanya matanuru yakawa mawili. Dosité alikuwa mkaidi, lakini alikuwa ameishi na Exilda kwa miaka mingi, akajua ni lini anatania na ni lini hatanii. Akaliteremsha lile jipya kwa winchi ya kuinulia mapipa ya viazi, kupitia mlango wa nje wa chumba cha chini, nalo likakwama mlangoni. Ludger, aliyekuwa akipita na lori lake, akaegesha barabarani, akashuka, akatoa tufaha mfukoni, akala huku akitazama.

"Lisukume kwa nyuma!"

"Njoo ulisukume wewe."

"Siwezi, shemeji. Mimi ni mtu wa mafuta. Nitakuwa nasaliti kazi."

Likaingia hatimaye, pamoja na kipande cha fremu ya mlango. Dosité akaliweka ubavuni mwa lile la mafuta, akaunga mabomba ya joto ya hili kwenye yale ya lile, na moshi wa yote mawili akauelekeza kwenye dohani ile ile moja ya matofali. Yakakaa pale kama wake wenza. Mkubwa alikuwa mweupe, msafi, na kibandiko cha kiwanda kifuani. Mdogo alikuwa mweusi, mnene, na anakula sana. Na mpango ulikuwa huu: kuni zikiwaka, la mafuta linalala. Kuni zikiisha na nyumba ikaanza kupoa, kidude cha ukutani kinaliamsha lenyewe. Ni mpango mzuri, wengi wanao, na hauna ubaya wowote. Lakini Dosité aliuona kama tusi. Akiwa kitandani alfajiri akasikia lile la mafuta likikohoa na kuanza kunguruma, aliruka kama mtu aliyesikia mwanamume mwingine anafungua mlango wake, akakimbia chini na soksi kupeleka gogo.

Sasa lazima niseme kidogo habari ya kuvalisha nyumba, maana humo ndimo kosa lilimolala. Kila vuli, kabla theluji haijakaa, mwanamume wa huku huizungushia nyumba yake sketi pale chini kwenye msingi: karatasi nene, mbao, nyasi kavu, matawi ya misonobari, na juu yake theluji yenyewe ikija huishindilia kwa koleo. Upepo usipite chini ya sakafu. Na Jumapili baada ya misa watu hupita polepole na magari wakizitazama nyumba za wenzao. Mtu anaweza kuwa na deni, anaweza kuwa mlevi, lakini kama nyumba yake imevikwa vizuri watasema, huyo ni mwanamume. Baba yake Dosité alivika vizuri. Dosité alivika vizuri zaidi. Na mwaka ule, kwa sababu alitaka kumwonyesha Ludger kwamba lori lake halitasimama tena kwenye ua ule, alivika kwa hasira. Aliziba kila ufa. Alitia matambara kwenye madirisha ya chini. Hata kile kidirisha kidogo cha kumwagia viazi ndani, ambacho tangu enzi za babu yake kiliachwa na upenyo, alikijaza magunia akayakandamiza kwa goti. Ungeiangusha nyumba ile mtoni ingeelea.

Watu walipita Jumapili, wakapunguza mwendo, wakatikisa vichwa kwa kusifu. Dosité alijifanya anatafuta kitu ndani ya pikapu.

Moshi wa kwanza ulikuja siku ya Ijumaa. Exilda anashika Ijumaa ya zamani, nyama haipiti, alikuwa anakaanga samaki. Mara akasikia harufu, akageuka, akaona sebule imejaa ukungu, na moshi unapanda kutoka tundu la sakafuni taratibu kabisa, kama mgeni anayejua njia.

"Dosité! Mpumbavu wako mweusi anavuta sigara!"

Dosité akashuka, akachungulia, akapiga piga bomba, akafungua mlango wa tanuru, moshi ukamrukia. Alipopanda tena nyusi zilikuwa fupi kidogo. Baada ya muda, samaki walipokwisha kuiva, moshi ukaacha wenyewe.

"Nimelitengeneza," akasema.

Jumapili ukarudi. Exilda alikuwa anapika ploi, chapati zetu zile laini za kuiva upande mmoja, na kuku kwenye sufuria. Jumatatu kimya, wamekula viporo. Jumanne kimya, Jumatano, Alhamisi, tanuru linawaka kama malaika, nyumba ina joto mpaka Exilda akavua sweta akaona aibu kulisifu. Ijumaa, moshi. Jumapili, moshi. Sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, ikaangukia Jumamosi, Exilda akakaanga vitu vingi kwa heshima ya siku: moshi mkubwa kuliko yote.

Dosité alikaa juu ya pipa kule chini akawaza. Alikuwa mtu wa kuwaza polepole lakini akifika hatoki. Alipopanda juu uso wake ulikuwa mzito.

"Exilda. Nimejua. Ni dini."

"Nini?"

"Hesabu mwenyewe. Ijumaa. Jumapili. Sikukuu ya Bikira. Siku za kazi halina neno. Yule fundi ni Mprotestanti. Limechomelewa na mkono usiomjua Bikira, sasa kila siku ya Kikatoliki linatapika."

Mimi ningekwambia Exilda alicheka, lakini hakucheka, kwa sababu na yeye alikuwa amewaza jambo hilo hilo tangu ile sikukuu, ila aliona haya kulisema.

Ludger ndiye aliyecheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Alikuwa amekuja kula, maana ni mjane na Jumapili hula kwa dada yake, akakuta madirisha wazi katikati ya baridi ile na watu wawili wamekaa mezani na makoti.

"Shemeji, ungenunua mafuta kwangu mimi. Mafuta yangu ni Mkatoliki. Yanatoka kwenye tangi la Thibodeau, tajiri yangu, Mkatoliki safi."

"Mafuta yako yanatoka Arabuni."

"Lakini yalibatizwa njiani."

Exilda hakuwa na hali ya utani. Mapazia ya sebuleni, meupe, aliyoyashona kwa mkono yakiwa na maua pembeni, yalikuwa rangi ya panya. Mtakatifu Ana alikuwa na masharubu. Na mwezi wa kwanza unakaribia, ndio mwezi wa ziara ya parokia, padri hupita nyumba kwa nyumba, anakaa sebuleni, anabariki, anakula, anatazama. Na akitoka kwako anaenda kwa jirani, na jirani anauliza, wako wazima kule kwa Daigle?

"Nisikilizeni nyote wawili," akasema. "Nimefua mapazia haya mara ambazo sitaki kuzikumbuka. Nitayafua tena kwa ajili ya padri. Siku hiyo moshi ukiingia sebuleni, mimi nakwenda Connecticut kwa Claudette. Nakaa huko mpaka theluji iyeyuke, na ikiyeyuka nitafikiri kama narudi. Claudette ana chumba. Ameshaniambia."

"Utakula nini huko?" Dosité akauliza. "Wale wanakula mkate wa dukani."

"Nitakula mkate wa dukani ndani ya hewa safi."

Hakutania. Dosité alijua. Na hapa nataka ieleweke kwamba mtu huyu, na ukaidi wake wote, hakuwahi kulala usiku mmoja katika nyumba ile bila Exilda tangu alipoacha kambi za magogo. Hakujua sukari inakaa wapi. Lakini sukari siyo iliyomtisha. Jioni ile alikaa kwenye kiti chake akamtazama mkewe akishona, akajaribu kukiona kile kiti cha pili kikiwa kitupu, akashindwa, akainuka akaenda kuongeza matambara kwenye ufa fulani aliokuwa ameusahau.

Alikwenda kwa padri mwenyewe. Padri Théodule alikuwa mnene, mpole, anayependa kula kuliko kuhubiri, na kwa hilo tulimpenda. Dosité alizungusha kofia mikononi.

"Padri, ukija kutubariki, ningeomba ubariki na kitu kimoja kilichoko chini."

"Viazi?"

"Tanuru. Halijabatizwa."

Padri akakuna kidevu. Alikwisha kubariki mashua, matrekta, na safari moja fahali aliyekuwa hana hamu. "Mkeo atapika nini?" akauliza.

Siku ilipofika Exilda aliamka akiwa amefunga kilemba kichwani kama askari. Mapazia meupe. Mtakatifu Ana hana masharubu. Sanduku lake la safari lilikuwa mlangoni pa chumba cha kulala, limefungwa, na hakulieleza. Ludger alikuja amechana nywele, kushuhudia. Dosité alijaza kuni nzuri zilizokauka, moto ukatulia, nyumba ikawa kama mkate uliotoka tanurini. Padri akaingia, akavua viatu vya theluji, akasifu joto. Akakaa. Akasifu mapazia. Exilda akawa mwekundu mpaka shingoni.

"Tuanze chini, padri," Dosité akasema, "kabla ya chakula."

Wakashuka watatu. Padri na chupa ya maji ya baraka, Dosité mbele, Ludger nyuma ameshika mshumaa na uso wa mtu anayejizuia. Juu, Exilda akaona nafasi imepatikana. Akakiweka kikaango motoni, akaanza ploi zake na vipande vya nyama ya nguruwe. Na ili padri akipanda asikute sebule inanuka mafuta, akawasha feni.

Feni hiyo Ludger ndiye aliyemletea dada yake kwa siku ya kuzaliwa, vuli ile ile. Ni feni ya ukutani juu ya jiko, inanyonya mvuke na harufu kuvitupa nje. Kubwa. Ludger hanunui kitu kidogo. Exilda aliipenda, lakini haiwashi kwa viporo. Anaiwasha akikaanga, na hukaanga Ijumaa, Jumapili na sikukuu.

Kule chini Padri Théodule alifungua kitabu, akainua mkono, akaanza kwa Kilatini, kwa kuwa aliona chuma kile kinahitaji kitu chenye nguvu. Alikuwa amefika kwenye Roho Mtakatifu wakati tanuru lilipotoa mvumo mdogo, kama mtu aliyeshiba, likamwachia moshi usoni.

Padri akakohoa. Akaendelea. Likamwachia mwingine. Na lile la mafuta, ambalo hata haliwaki, nalo likaanza kupumua masizi kupitia kifuniko kidogo kinachochezacheza kwenye bomba lake la moshi, kwa kuwa dohani ni moja.

"Linakataa!" Dosité akalia. "Mmeona? Linakataa!"

"Nyunyizia, padri, nyunyizia!" Ludger akasema, sasa hacheki.

"Hewa!" padri akasema. "Jamani hewa!"

Mlango wa nje ulikuwa umezikwa na theluji ambayo Dosité mwenyewe aliishindilia. Ngazi haionekani kwa moshi. Dosité akapapasa ukuta mpaka akafikia kile kidirisha cha viazi, akashika gunia, akavuta. Lilikuwa limekaza, si kwa goti lake tu, lilikuwa limekaza kama kitu kinachonyonywa. Akaweka mguu ukutani, akavuta kwa mabega yake yote, na gunia likachomoka kama kizibo, na magunia mengine nyuma yake, na matawi, na nyasi, na theluji kilo kwa kilo, vyote vikampiga Padri Théodule kifuani, akakaa chini juu ya viazi.

Upepo ukaingia ukipiga mluzi. Na moto ndani ya tanuru ukanguruma, moshi uliokuwa chumbani ukageuka, wote, ukarudi kwenye dohani kama kondoo walioitwa.

Mwali wa mshumaa wa Ludger ulikuwa umelala upande, unaelekeza ncha yake kwenye tanuru.

"Shemeji," Ludger akasema polepole, na ilionekana kwamba maneno yanamuuma, "hebu zibua kichwa chako. Feni."

"Feni ipi?"

"Yangu. Inatoa hewa. Wewe umeziba kila mahali. Hewa mpya itaingilia wapi? Inashukia dohani, inaurudisha moshi ndani."

Dosité alifungua mdomo. Alitaka kusema Mprotestanti, akaona padri amekaa juu ya viazi na theluji kwenye nywele, akaufunga. Akachukua gunia, akaziba tundu. Moshi ukachungulia mlangoni mwa tanuru.

"Exilda!" akapaza sauti. "Zima feni!"

"Kwa nini?"

"Zima tu, mama!"

Moshi ukarudi ndani.

"Washa!"

Ukatoka.

"Zima!"

"Dosité Daigle, ploi zangu zinaungua, unacheza nini huko na mtumishi wa Mungu?"

Padri Théodule akajifuta uso kwa mkono, akawa mchafu zaidi. "Mwanangu," akasema, "nadhani tanuru lako ni Mkatoliki. Nyumba ndiyo uliyoinyonga."

Walipopanda, Exilda alikuwa amesimama katikati ya sebule na kijiko mkononi. Mapazia yalikuwa rangi ya panya. Mtakatifu Ana safari hii alikuwa na ndevu kamili. Alimpa padri taulo, akamkalisha, akamlisha, na padri alikula ploi zilizoungua akisema ndivyo anavyozipenda, Mungu amlipe. Alipokwisha kuondoka, Exilda akamwambia kaka yake, "Sanduku liko mlangoni. Weka kwenye gari lako. Jumapili baada ya misa utanipeleka kwenye basi."

"Lakini tumejua sababu," Dosité akasema. "Limekwisha. Tundu likiachwa wazi, limekwisha."

"Sababu ni nini?"

"Feni ya kaka yako."

"Feni ndiyo iliyoziba nyumba?"

Dosité akatazama viatu vyake.

"Nilikufulia mapazia," Exilda akasema, "ukiniambia ni Bikira. Nilianza kuamini. Nilipiga magoti nikamwomba Mtakatifu Ana msamaha kwa dhambi nisizojua. Sasa sikiliza. Jumapili wanaume watapita, wataliona tundu, watakuuliza pale kwenye ngazi za kanisa. Nitakuwa nimesimama karibu na gari la Ludger. Nitakachokisikia ndicho kitakachoamua ninapanda gari gani."

Siku zilizofuata Dosité alilisafisha tundu vizuri, akaliwekea wavu wa waya panya wasiingie. Feni ikawashwa, samaki wakakaangwa, hakuna moshi hata wa kuwasha jicho. Lakini kwa nje, kwenye ile sketi nzuri kuliko zote parokiani, palikuwa na shimo jeusi upande unaotazama barabara, na theluji imeyeyuka kuzunguka. Magari yaliyopita yalipunguza mwendo. Moja lilirudi nyuma kutazama tena.

Jumapili misa ilikuwa ndefu, padri alikuwa na mafua. Watu wakatoka wakasimama kwenye ngazi kama kawaida, mvuke ukitoka midomoni, wanaume upande huu. Sanduku lilikuwa limekaa kiti cha nyuma cha gari la Ludger, linaonekana wazi kupitia kioo. Exilda akaenda akasimama pale, mkoba mikononi, anatazama mto.

Aliyeanza alikuwa Philias Cyr, mzee mwenye mdomo mrefu, ambaye nyumba yake ilishika nafasi ya pili kwa kuvikwa tangu enzi za baba zao.

"Dosité, umepatwa na nini? Nimeona nyumba yako imetobolewa. Ni dubu?"

Wengine wakasogea.

"Ni kwa ajili ya paka," Dosité akasema.

"Huna paka."

Gari la Ludger likafunguliwa mlango. Exilda alikuwa ameshika kitasa.

"Sina paka," Dosité akasema. Akavua kofia, sijui kwa nini, ile baridi yote, na masikio yake yaliyotafunwa yakabaki wazi mbele za watu. Akasema kwa sauti ambayo hata wale wa kwaya waliisikia: "Niliziba nyumba mpaka ikakosa pumzi. Mimi mwenyewe. Nikavuta moshi wa tanuru ndani, nikamchafulia mke wangu mapazia majira yote, nikamsingizia Mprotestanti, na karibu nimuue padri. Nilikosea."

Ikawa kicheko ambacho kilisikika Kanada. Mmoja alilazimika kukaa chini kwenye theluji. Mwingine akauliza kama na trekta lake linaloshindwa kuwaka huenda likawa Mmethodisti. Dosité akasimama pale akapokea yote, mwekundu, kofia mkononi, akimtazama Exilda tu kupitia mabega ya watu.

Philias peke yake hakucheka. Alingoja kelele zipungue, akamsogelea, akamshika kiwiko, akamvuta kando kidogo.

"Hilo tundu," akauliza chini chini, "ni kubwa kiasi gani?"

"Kwa nini?"

"Nauliza tu."

"Kwako nako moshi unaingia?"

Philias akatazama huku na huku. "Mke wangu anasema ni roho ya mama yangu."

"Ngumi mbili," Dosité akasema. "Na uweke wavu."

Alipogeuka, mlango wa gari la Ludger ulikuwa umefungwa, na Ludger amesimama mwenyewe akichana nywele kwa kioo. Exilda alikuwa ameshakaa ndani ya pikapu, upande wake, anauvuta mlango ule usiofungika mpaka ubamizwe, na akaubamiza.